Kwa Nini Sasa Nampenda Radi Kavu

Gungu, Kigoma
14 Desemba 1997

Mpendwa Binamu Athumani,

Assalaam aleikum. Hujambo huko Dar es Salaam? Mke mwenzangu Hadija hajambo? Mwambie asinune, utani wa mabinamu haujafutwa na serikali. Watoto je, wanasoma au wanakusomesha wewe? Na kile kikohozi chako kimekwisha? Kama bado, kunywa mawese ya moto kijiko kimoja kabla ya kulala. Usiwasikilize watu wa pwani wanaosema yananuka. Yananuka, lakini yanaponya.

Sisi huku tunapumua. Mvua ya mwaka huu imekuja na hasira kama mtu aliyedhulumiwa urithi. Treni iliyoleta barua yako ilikaa njiani kwa ajili ya maji mpaka, naambiwa, abiria wakaanza kuposana. Shemeji yako Abdulmajid anakusalimu. Goti lake bado linatabiri mvua kuliko redio.

Bahasha yako nimeipokea, na kile kitabu cha katuni ndani yake. Umeniandikia hivi: "Dada Hasna, kabla hujapanda kwa yule mzee wa milimani, soma kwanza toleo la kwanza la Radi Kavu, ujue kwa nini yeye haui." Nimesoma. Nimesoma mara nyingi kuliko ulivyotaka. Sasa kaa chini nikwambie kilichotokea, maana dawa uliyonipa nimeinywa, ila imefanya kazi upande mwingine.

Unajua shule yangu mimi ni robota la magazeti ya kufungia maandazi. Kila karatasi inayopita mkononi mwangu pale Kibirizi naisoma kwanza, mafuta yakichemka. Kwa hiyo huyu Radi Kavu wako nilikuwa namjua zamani, ila kwa vipande, kama mtu anayemjua jirani kwa kumchungulia uani. Na kila kipande kilinikera. Anamkamata mwizi, badala ya kumzaba hata kofi moja la kumkumbusha mama yake, anamfunga kamba, anampeleka kituoni, na mwizi anasema asante. Mwizi gani huyo? Halafu amevaa nguo nyekundu ya kubana, na bukta juu ya suruali. Mtu mzima. Tena nyekundu, msimu wa mvua! Huku kwetu hata mtoto anayetambaa anajua radi inapenda nyekundu.

Lakini lililoniudhi zaidi ni hili. Wewe umekaa Dar mpaka umesahau, huku radi haijiendei tu. Radi hutumwa. Ikimpiga mtu hatuulizi imetoka wingu gani, tunaulizana alikosana na nani. Sasa mtu ana radi mkononi, bure, halafu hana hata mmoja anayemchukia! Mimi nilimhesabu ni mchawi mvivu.

Mwezi wa kumi nilikuandikia habari za Bi Semeni kwa kifupi, kwa sababu kalamu ilikuwa inatoboa karatasi. Ngoja nizieleze sawasawa, maana ni shangazi yako kama alivyo mama yangu mdogo.

Siku ya msako wa wakimbizi pale Kibirizi, waliokuja na lori hawakumjua mtu. Wakasema wenyeji wawaonyeshe wasio wenyeji. Watu wakatazama miguu yao. Aliyeinua mkono alikuwa Leonardi peke yake, yule mnunuzi wa dagaa, mtoto wa marehemu Mama Agnesi. Akamnyooshea kidole Bi Semeni, aliyekuwa ameinama anageuza dagaa wake juani.

"Yule mama ni wa ng'ambo," akasema. "Msikilizeni tu anavyoongea."

Bi Semeni alizaliwa Ujiji, nyuma ya msikiti, wewe unajua na mimi najua. Lakini aliolewa Rumonge, akarudi mjane sisi tukiwa bado hatujaota meno ya pili, na Kirundi kilimng'ang'ania kama harufu ya dagaa kwenye kanga. Aliposhtuka akapiga kelele, "Yebabawe! Leonardi, ni mimi!" Basi. Wenye lori wakatazamana, wakampandisha kwenda kambini. Karatasi ya kuzaliwa hana. Nani wa umri wake anayo? Jioni ile ile Leonardi akaanika dagaa wake kwenye uwanja wa Bi Semeni, ule wenye mchanga safi karibu na maji, alioumezea mate miaka yote.

Nilikwenda ofisi ya wakimbizi. Mezani palikuwa na kijana mmoja aliyehamishiwa huku kutoka mikoa ya mbali, mwenye adabu zake. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mama, jina lake liliandikwa kwa sababu mwenyeji alimtaja. Mwenyeji huyo huyo aje aseme alikosea, na aeleze anamjuaje. Vinginevyo kila mtu atakuja hapa kuniambia kambi nzima ni shangazi zake." Sikuweza kumchukia, ingawa nilijaribu.

Nikamfuata Leonardi, nikamwomba mbele ya watu. Mimi, nikaomba! Akanijibu, "Da Hasna, mimi nilisema nilichosikia. Sina masikio ya kuazima." Watu wakacheka, si wote. Siku ile ndipo nilipoanza kuulizia habari za mzee wa milimani, anayetuma radi kwa jogoo mweupe na udongo uliokanyagwa na mhusika. Najua ni haramu. Nilikuwa nimepanga kutubu Ramadhani. Barua yako ilipofika, udongo ulikuwa kwenye kopo na jogoo amefungwa mguu wa kitanda, anatuamsha alfajiri kama muadhini asiye na saa.

Basi nikafungua kitabu chako kwa dharau, nikiwa nakanda unga.

Kumbe mtu huyu ana jina! Nathaniel, fundi wa nyaya za simu, mtu wa kawaida, viatu vimetoboka. Kumbe alikuwa na mama. Na jirani mwenye tamaa alisema uongo mbele ya wakubwa, mama akatolewa nyumbani kwake wakati mwanawe yuko safarini juu ya nguzo. Ile picha ya Nathaniel anarudi, anakuta mlango una kufuli jipya na kandambili za mama yake zimebaki kibarazani, moja imelala ubavu. Athumani, aliyechora kandambili ile anajua kitu. Nililia ndani ya unga. Maandazi ya siku ile wateja walisema yamekolea chumvi.

Nikaelewa. Miaka yote nilidhani wema wake ni wa bure, kama wa mtu ambaye hajawahi kuchukuliwa chochote. Kumbe chini ya ile nguo ya ajabu kuna mtu wa kinyongo kama mimi. Radi inampiga juu ya nguzo, hafi, inabaki mkononi mwake, na safari yake ya kwanza kabisa, kabla ya mwizi yeyote, ni nyumbani kwa yule jirani. Nikasema, nenda mwanangu! Nikasimama kabisa. Anamkuta jirani, anainua mkono, jirani anapiga magoti, anajikojolea, mchoraji hakumficha. Halafu mkono unashuka. Na anasema yale maneno: "Ukifa wewe, nani atasema ukweli?"

Wewe hapo umepiga mstari kwa wino na kuandika pembeni: huruma. Binamu yangu, huruma iko wapi hapo? Hiyo ni akili! Hakumsamehe hata kidogo. Alimwacha hai kwa sababu alikuwa anauhitaji ulimi wake. Nikamtazama jogoo, jogoo akanitazama. Leonardi akipigwa radi, nitacheka siku moja, na Bi Semeni atazeekea kambini, kwa sababu aliyemtaja hayupo tena kukana aliyosema. Maiti haendi ofisini. Nikamwaga udongo, nikamlegezea jogoo kamba. Tangu siku ile Radi Kavu ni ndugu yangu, na bukta yake nimemsamehe.

Ila sikumsamehe Leonardi. Usichanganye.

Leonardi hunywa chai kwangu kila asubuhi, maana hakuna mwingine pale mwaloni, mitumbwi inaposhusha dagaa, anayekaanga vizuri, na tamaa haichagui adui. Nikachambua robota zima, nikatoa kila ukurasa wenye Radi Kavu na mwanga wake. Asubuhi ya kwanza nikamfungia maandazi mawili kwenye picha ya radi inashuka. Akala, akaondoka. Ya pili, radi juu ya paa la bati. Ya tatu, mtu anakimbia na radi nyuma yake. Akaanza kula polepole.

Kabla ya wiki kwisha akauliza, "Da Hasna, haya makaratasi unatoa wapi?"

"Robotani. Pale pale pa siku zote."

"Mbona mimi kila siku napata radi?"

Bonaventura, yule mpagazi wa magunia mwenye mdomo kuliko mgongo, alikuwa kakaa pembeni. Akakunjua karatasi yake. "Mimi napata matangazo ya sabuni tangu Jumatatu," akasema. "Na mimi natumiwa ujumbe, Da Hasna?"

"Wewe ndiyo. Oga."

Pale mwaloni wakacheka mpaka wavuvi wakasimamisha kuvuta wavu. Leonardi hakucheka. Aliikunja karatasi yake vizuri, akaitia mfukoni. Nikajua imeingia.

Mkewe Regina ndiye aliyenipa habari za nyumbani, bila kujua ananilisha. Ati mume wake kafunika kioo kwa shuka. Masufuria kayainamisha. Kamkataza asivae kanga yenye hata ua jekundu, na wingu likigonga tu anaingia chini ya meza na rozari mkono mmoja na hirizi mkono wa pili, asije akakosea mlango. Nikamwambia pole mwenzangu, wanaume wana mambo. Nikamwongezea andazi moja la bure.

Halafu ikaja mvua ile ya Alhamisi, wewe lazima uliisikia hata Dar. Radi ikaupiga mchikichi nyuma ya nyumba ya Leonardi, ukapasuka mpaka chini. Naapa sikuhusika. Lakini sikukanusha.

Asubuhi yake nikafanya jambo ambalo nakuomba radhi kwalo. Nilichana ukurasa kwenye kitabu chako, ule wa jirani kapiga magoti na maneno yale yote, wino wako ukiwemo. Nikamfungia. Mvua ikiwa bado inadondoka alikuja hapa Gungu, amelowa, hata kubisha hodi sauti haitoki. Abdulmajid akamkaribisha kiti. Hakukaa.

"Mwambie aache," akasema.

"Nimwambie nani, Leonardi?"

"Huyo wa kwenye karatasi. Au aliyemtuma. Nina watoto, Da Hasna."

"Na Bi Semeni hana sisi?"

Akatazama juu, mvua inavyogonga bati. Nikamwambia, "Mimi kitabu chake cha kwanza nimekisoma. Huyo haui. Anachotaka ni ukweli, basi. Na umemsoma mwenyewe kwenye andazi."

"Niende ofisini?"

"Ego," nikamjibu ndiyo kwa Kirundi, lugha aliyomkamatishia mtu. "Uende ofisini. Na mimi nakusindikiza, usije ukapotea njia."

Yule kijana wa ofisini hakutaka mambo ya mezani. Alisema twende naye mpaka kambini, Leonardi aseme mbele ya Bi Semeni mwenyewe na mbele ya waliompokea. Tulipanda lori la magunia ya maharage. Njia nzima Leonardi anatazama mawingu na mimi namtazama Leonardi. Sijawahi kufurahia safari namna ile.

Bi Semeni tulimkuta chini ya turubai, amekonda, kanga safi. Anaishi na mwanamke mmoja aitwaye Verediana, aliyekimbia kutoka ng'ambo na mtoto mgongoni, akampa nusu ya turubai lake bila kumuuliza maswali. Shangazi yako alipotuona hakulia. Alisema, "Karibuni kwetu," kama amejenga.

Watu wakakusanyika, wakimbizi wengi. Kijana wa ofisi akafungua kalamu yake. Akamuuliza Leonardi, "Ulimtaja kuwa mkimbizi. Sasa unasema si mkimbizi. Unamjuaje?"

Leonardi akasema, "Ni mtu wa Ujiji."

"Hilo kila mtu atasema. Unamjuaje wewe?"

Na hapo, Athumani, ndipo nilipoona kisasi ambacho hata Radi Kavu hakukifikiria. Ili amtoe, ilimbidi ataje kila wema aliofanyiwa naye. Hapakuwa na njia nyingine ya kuthibitisha. Akaanza kwa sauti ya kutafuna. Kwamba baba yake Bi Semeni alikuwa na nyumba nyuma ya msikiti, na yeye Leonardi akiwa mdogo aliiba machungwa hapo. Kwamba mama yake alipougua, Bi Semeni alilala naye hospitali, chini, sakafuni, kwa kupokezana na dada zake Leonardi. Kwamba yeye mwenyewe alikuwa safarini Kalemie kununua mizigo. Kwamba mama alipokufa Bi Semeni ni mmoja wa wanawake walioosha mwili, Mwislamu kumwosha Mkristo, kwa sababu Mama Agnesi aliomba hivyo. Kwamba uwanja wa kuanika pale Kibirizi ulikuwa wa Bi Semeni tangu Leonardi hajaanza kununua dagaa, na ndiye aliyemwonyesha namna ya kuwageuza wasioze kwa chini.

Kila alipotaja, wale wakimbizi walifyonza meno. Hawakupiga kelele. Walifyonza tu, kama mvua ya mbali. Mzee mmoja aligeuka akaondoka, hakuweza kusikia zaidi.

Leonardi akasema, "Ni hayo."

Bi Semeni akasema, "Umesahau shuka."

Leonardi akamgeukia. "Mama yangu hakuwa na shuka jeupe la kuzikiwa," akasema. "Yeye alitoa lake." Akakaa chini kwenye tope na suruali yake ya kwendea kanisani.

Alitaka kuomba msamaha kwa kumwita mkimbizi. Shangazi yako akamkatiza. Nakuandikia maneno yake kama yalivyo: "Usiniombe radhi kwa hilo. Kuitwa mkimbizi si tusi, nimekaa nao, wamenipa nusu ya walichonacho. Wewe una uwanja wangu wote." Verediana akageuka upande, akajifuta macho kwa kitambaa cha mtoto. Kijana wa ofisini akafunga kalamu, akasema inatosha. Mimi nilikuwa nimeshiba mpaka kooni, nasema kweli mbele ya Mungu, na hata sasa sijapata njaa.

Basi Bi Semeni yuko hapa nyumbani. Yule jogoo tulimla siku aliyorudi, alikuwa mgumu. Leonardi aliinua chekeche zake za kuanikia mwenyewe kutoka uwanjani, watu wanamtazama, Bonaventura akamwimbia wimbo wa kupakia magunia. Kila asubuhi anampa Bi Semeni shikamoo kwa sauti kubwa, na Bi Semeni anaitikia marahaba, maana dini inalazimisha, lakini anawaitikia dagaa, yeye hamtazami. Ijumaa Bi Semeni alimpelekea Verediana kambini gunia la dagaa kwa lori lile lile. Ameniuliza kama wewe unaweza kumtafutia mtoto yule viatu. Miguu yake ni kama ya mwanao wa pili alipokuwa na miaka minne.

Najua unachotaka kuuliza: je, amemsamehe? Nilimuuliza jana tukichambua dagaa. Alifikiri, akatupa mawe mawili, akasema, "Nitamsamehe. Lakini kwanza aumwe kidogo."

Nikamwambia, mama mdogo, unamwombea mwenzio maradhi?

"Kidogo tu," akasema. "Homa ya kulala siku mbili."

Leo asubuhi Leonardi hakuja kunywa chai. Regina amepita hapa mchana akasema mume wake kashikwa na malaria, anatetemeka, hali kitu. Bi Semeni alikuwa uani. Aliinuka, akaosha sufuria, akapepeta unga wa ulezi, akauliza sukari iko wapi. Ninavyokuandikia namwona jikoni anakoroga uji, taratibu, usije ukashika mabonge. Ameweka maziwa na ndimu. Ametoa bakuli langu la wageni na kijiko kirefu. Nimemwambia nimpeleke mimi, mvua inanyesha. Amekataa. Amesema atampeleka mwenyewe, atakaa kitandani pembeni, amnyweshe mpaka amalize, kijiko kimoja kimoja, huku akimtazama usoni.

Maskini Leonardi. Radi ingekuwa nafuu.

Nisalimie Hadija na watoto, na Omari wa Magomeni, na Fatu ukimwona, mwambie kitenge chake bado nakitunza. Abdulmajid na Bi Semeni wanakusalimu sana. Yeye anasema uache kukohoa na uje umwone angali na meno. Mungu akulinde na wanaoinua mikono, akufungulie riziki, na atufikishe Ramadhani sote tukiwa kwetu.

Ni mimi binamu yako, nikupendaye sana na nisiyesahau chochote,

Hasna